Masurufu ya Mtoto Mchanga

Paukwa! Pakawa!

Katika kijiji kimoja mkoani Tanga alikuwako mama mwenye mimba ya miezi mitano. Siku ya kliniki alipimwa uzito na presha, kisha nesi akatoa kichupa kwenye boksi la baridi.

"Mama, leo unachomwa sindano ya pepopunda."

Mama akauficha mkono ndani ya khanga. "Nesi, nasikia kisimani kwamba hiyo inafunga kizazi."

"Si kweli, mama. Wapo ninaowachoma hapa kwa mimba ya tatu."

Mama hakuridhika. Akaomba akafikiri kwanza nyumbani.

Sasa wajukuu zangu, tegeni sikio. Pepopunda huletwa na bakteria ambaye mbegu zake hukaa udongoni na kwenye samadi miaka na miaka. Mtoto akikatwa kitovu kwa wembe mchafu, au kidonda kikipakwa kitu kisicho safi, bakteria hupenya na kumwaga sumu inayokaza misuli. Surua huambukizwa na mtu, pepopunda hutoka ardhini. Kwa hiyo hata majirani wote wakichanjwa, chanjo yao haimkingi mtoto wako.

Jioni mama alimweleza mama mkwe wake. Bibi akaacha kupepeta mchele.

"Mwanangu, zamani tulikata kitovu kwa wembe wowote, tukakipaka majivu. Mtoto alizaliwa mzima, akanyonya vizuri. Baada ya siku chache taya zikakaza, titi halishiki, mwili umepinda kama upinde. Tukasema ni dege. Tulizika wengi."

Asubuhi mama alirudi kliniki, na maswali yake kayabeba.

"Je, haitamletea mtoto ugonjwa wenyewe?"

"Haiwezi," nesi akajibu. "Humu hamna bakteria hai. Mna sumu yake iliyoondolewa makali. Mwili wako utaitambua na kutengeneza kingamwili, nazo zitapita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Hayo ndiyo masurufu unayomfungia safari ya kuja duniani, maana akizaliwa hana wakati wa kujitengenezea yake."

"Nitaumwa?"

"Mkono unaweza kuuma au kuvimba kidogo siku moja mbili. Utarudi baada ya wiki 4 kwa sindano ya pili, na iwe angalau wiki 2 kabla ya kujifungua, kinga ipate muda wa kujengeka. Na ujifungulie hapa, kitovu kikatwe kwa kifaa safi."

Mama akautoa mkono.

Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pepopunda iliua watoto wachanga 787,000 duniani. Kufikia 2018 makadirio yalishuka hadi 25,000 hivi. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imevuka kiwango cha kutokomeza: chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, katika kila wilaya. Lakini bakteria bado yumo udongoni, na mama akiacha kuchanja, ugonjwa hurudi.

Basi wajukuu zangu, mkimsikia mama, dada au shangazi ana hofu ya sindano hii, msimcheke. Mwambieni apeleke swali lake kliniki, aulize mpaka aelewe, na kadi yake aitunze.

Hadithi yangu imeishia hapo.