Kware haatamii, mama ni wewe!

Wiki hii mpenzi msomaji tuyaweke kando kidogo mambo ya mapenzi na fasheni, tuongee habari za kware. Najua kuna atakayeguna, "Aah, wale wa 2014?" Ndiyo, wale wale. Mwaka ule kule Kenya watu waliwachangamkia si mchezo, mayai yakasifiwa kwamba yanatibu kila ugonjwa unaoujua, halafu wafugaji walipozidi walaji bei ikaporomoka, watu wakalia. Mimi sikuwafuga kwa biashara wala kwa dawa. Nilitaka ndege wa kukaa naye nyumbani, basi.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawakwambii ni hili: kware huyu wa kufugwa, yule wa asili ya Japani, kufugwa miaka mingi kumemsahaulisha kuatamia. Jike anataga karibu kila siku, kiyai cha gramu kumi hivi chenye madoa ya kahawia, halafu anaondoka zake kama vile si chake. Ukitaka kifaranga, mama ni wewe. Au utafute kuku mdogo mwenye moyo wa kulalia, maana kuku mkubwa atayapasua.

Mashine ya kutotolesha niliazima kwa jamaa yangu. Joto nyuzi 37.5, mayai unayageuza angalau mara tatu kwa siku, siku ya 15 unaacha kugeuza na kuongeza maji ya unyevu, siku ya 17 au 18 wanatoka. Ukisoma hivyo unaona kazi rahisi. Ngoja sasa umeme ukatike.

Kwangu ulikatika usiku wa siku ya 16. Mayai 12, na ukitega sikio unasikia vilio vidogo humo ndani. Nikajaza maji ya moto kwenye chupa nne, nikazizungushia kanga, nikazipanga ndani ya mashine na kuifunika blanketi, tundu la hewa nikaliacha wazi. Kila nusu saa nabadilisha maji. Saa nane usiku mama mwenye nyumba akatoka kwenda uani, akanikuta nimechuchumaa kwenye jiko la mkaa.

"Mwanangu, una mgonjwa?"

"Hapana mama, nina mayai."

Akanitazama weee, akaingia ndani. Nikajua kesho mtaa mzima nitatangazwa. Kumbe bwana alikwenda kuniletea chupa yake ya chai, imejaa maji ya moto mpaka juu! Umeme ulirudi alfajiri. Katika yale 12 walitoka saba.

Kifaranga wa kware anatoka na ukubwa wa ncha ya kidole gumba, lakini mbio zake usiombe. Wiki ya kwanza anataka nyuzi 35 hivi, kwa hiyo boksi liwe na balbu ile ya zamani inayochoma. Wakirundikana chini ya taa wanaona baridi, wakikimbilia pembeni na kuachama midomo wanaungua. Chakula ni cha vifaranga vya kuku, kile chenye protini nyingi, ukisage tena kiwe laini. Maji weka kwenye kizibo chenye gololi ndani, la sivyo wanazama. Ndiyo, kwenye kizibo! Na chini usitandike gazeti tupu, hata hili letu tamu. Linateleza, miguu inatanuka na haikazi tena. Kwao kusimama ndiyo uhai: Machi 1990 kware aliwahi kuanguliwa huko angani, kwenye kituo cha Mir cha Wasovieti, lakini kwa kuwa hakuna uzito vifaranga walielea tu, wakashindwa kujishika ili wale.

Kuwazoesha sasa. Mkono usitokee juu hata siku moja, maana juu ndiko anakotoka mwewe, na hapa Dar ongeza kunguru. Laza kiganja chini, weka punje za kiini cha yai la kuchemsha, kaa kimya kama mvuvi, halafu ongea nao taratibu. Mimi nilianza siku ya pili, robo saa asubuhi na jioni. Wiki ya pili walikuwa wanasinzia kiganjani. Jike mmoja, nimempa jina Bibie, akinisikia mlangoni anaitika. Wengine wananivumilia kwa ajili ya chakula tu, na sidai zaidi.

Banda liwe fupi, futi moja hivi, na juu weka wavu laini, kwani akishtuka anaruka wima kama fataki na kujipasua kichwa. Mwekee mchanga mkavu wa kuogea. Dume mmoja awe na majike watatu hadi watano. Madume wawili wakikutana ni damu, kwa hiyo dume wangu wa ziada alikwenda kwa jirani mwenye majike.

Wakifika wiki ya saba hivi majike wanaanza kutaga, na dume anawika kwa sauti ya kukwaruza. Juzi mama mwenye nyumba kaniita mbio, "Njoo uone, ndege wako anatoka povu nyuma!" Povu lile jeupe chini ya mkia si ugonjwa, wapenzi wasomaji. Ndiyo alama ya dume aliyekomaa. Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini.