Maua ya Kudumu au ya Msimu? Piga Hesabu Kabla ya Kwenda Kitaluni

Mnunuzi wa maua anaposimama mbele ya kitalu cha kando ya barabara, swali lake la kwanza huwa ni bei ya mche. Ni swali la haki, lakini halitoshi. Bei ya mche ni sehemu ndogo tu ya gharama ya tuta la maua. Maji, samadi, palizi na miche ya kuziba mapengo ndivyo vinavyomaliza fedha, na vyote huja baada ya muuzaji kupokea chake na kukuaga.

Kwa tuta la kando ya ukuta au njia ya kuingilia nyumbani, maua ya kudumu ni nafuu kuliko ya msimu, ila kwa masharti mawili: yafae mahali unapoishi, na yawe ya aina unayoweza kuizalisha mwenyewe. Maua ya msimu, kama petunia na zinia, huchanua kwa miezi michache kisha hufa. Ya kudumu huacha mizizi au tunguu hai ardhini, yakachipua na kuchanua mwaka hadi mwaka.

Hesabu ya tuta moja

Chukua tuta la urefu wa mita 6 na upana wa mita 1. Bei hutofautiana sana baina ya miji na vitalu, kwa hiyo nitatumia bei za mfano, nawe uweke za kwenu.

Petunia hupandwa kwa nafasi ya sentimita 25, yaani miche 16 kwa kila mita ya mraba. Tuta lote linahitaji miche 96. Kwa shilingi 500 kila mmoja, unalipa 48,000. Ukipanda mara mbili kwa mwaka, mwaka mmoja unakula 96,000, na miaka mitatu 288,000.

Agapanthasi, yale maua ya samawati au meupe yanayokaa kwenye bua refu, hutosha yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 50. Hayo ni mafungu 24 kwa tuta zima. Hata kila fungu likiuzwa shilingi 3,000, mara sita ya bei ya petunia, jumla ni 72,000, nayo hulipwa mara moja. Kabla mwaka wa kwanza haujaisha, yule aliyelipia mche wa bei kubwa ametumia fedha kidogo kuliko mwenye petunia. Fungu lingepaswa kufika shilingi 12,000 ndipo wawili hao walingane baada ya miaka mitatu.

Kuna njia ya nafuu zaidi. Nunua mafungu 8 tu, kwa shilingi 24,000, uyapande kwa nafasi pana, na ujaze katikati kwa maua ya vinka yaliyooteshwa kwa mbegu. Mafungu yakishanenepa, kwa kawaida baada ya miaka mitatu au minne, yachimbue na kuyagawa. Kila moja likitoa matatu, unayo 24 na hukurudi dukani. Gharama ya njia hii ni subira, na mwenye haraka ya sherehe ya mwezi ujao haimfai. Huyo anunue maua ya msimu bila kujilaumu.

Maji ndiyo bili isiyoisha

Lita moja ya maji ikimwagwa sawasawa juu ya mita moja ya mraba ni sawa na milimita moja ya mvua. Maua yenye mizizi mifupi, wakati wa kiangazi, huhitaji takriban milimita 20 kwa wiki. Kwa tuta letu hiyo ni lita 120, yaani ndoo 6 za lita 20. Kiangazi cha wiki 12 ni ndoo 72.

Ua la kudumu lenye mizizi ya kina au minene linahitaji kiasi hicho hicho katika msimu wake wa kwanza, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kudhani kuwa ua gumu halihitaji maji tangu siku ya kwanza. Likishashika ardhi, ua kama gazania au agapanthasi huweza kuvumilia nusu yake: ndoo 36. Kwa anayefungua bomba la bei nafuu tofauti hii ni ndogo. Kwa anayenunua maji ya dumu au ya boza, inaweza kuwa fedha nyingi kila kiangazi.

Kipi kinafaa wapi

Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, joto na upepo wa chumvi huchagua kabla yako. Ua la kwanza ninalolipendekeza ni vinka, lile la waridi au jeupe linaloota hata kwenye nyufa za sakafu. Asili yake ni Madagaska, na huchanua karibu mwaka mzima. Hudondosha mbegu na kuota lenyewe, hivyo kulipanda upya ni bure. Adui yake ni maji yanayotuama, ambayo huozesha shina. Mmea wote una sumu ukiliwa, basi usiupande mahali watoto wadogo wanapochezea.

Kana nayo hustawi pwani na bara. Majani yake mapana hufunika ukuta haraka, na mara nyingi jirani atakupa tunguu bure kwa sababu tuta lake limejaa. Lakini ubure huo una deni: kana hupenda maji na samadi nyingi kuliko maua yote niliyoyataja hapa. Ipande karibu na mahali maji ya kuoshea mboga yanapomwagwa, na itajilipia.

Nyanda za juu, kama Nairobi, Limuru, Arusha, Lushoto, Iringa na Mbeya, usiku wa baridi hufungua mlango kwa agapanthasi, deilili na nifofia. Agapanthasi inataka jua. Kivulini hutoa majani mazuri bila maua. Deilili, ambayo kila ua lake huchanua siku moja tu, hutoa machipukizi mengi kwa muda mfupi, kwa hiyo kwa mwenye mfuko mdogo inaishinda agapanthasi. Nifofia, yenye vichwa virefu vya rangi ya chungwa na manjano, ina jamaa zake porini katika milima ya Kenya, Uganda na Tanzania, na baridi ya mwinuko haiitishi.

Mahali pakavu penye jua la kutwa, gazania ni hodari. Ila mnunuzi ajue tabia yake: hufunga maua jioni na siku za mawingu. Anayetoka alfajiri na kurudi magharibi atalipia maua ambayo hatayaona isipokuwa mwisho wa wiki. Pia halidumu kama agapanthasi. Baada ya miaka michache huchoka katikati na kuhitaji vipandikizi vipya.

Chini ya mti au upande wa nyumba usiopata jua, tumia impatiensi, ambalo asili yake ni huku kwetu, kuanzia Kenya hadi Msumbiji. Tawi lake hutoa mizizi ndani ya glasi ya maji, kwa hiyo mche mmoja huweza kujaza tuta. Lakini hunyauka upesi maji yakikosekana, na juani litakuletea hasara.

Nikilazimishwa kuchagua ua moja kwa msomaji nisiyejua anaishi wapi, nitachagua pentasi. Nalo ni la asili ya Afrika Mashariki, hukubali pwani na bara, huota kwa kipandikizi cha sentimita 10, na vipepeo hawaliachi. Inasikitisha kwamba wengi hulipita kitaluni wakitafuta ua la kigeni la bei ya juu.

Vya bure vya kukataa

Lantana na wedelia, ile yenye maua ya manjano inayotambaa na kufunika ardhi, mara nyingi hutolewa bure. Zote mbili zimo katika orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Ndege husambaza mbegu za lantana hadi malishoni, na wedelia huota upya kwa kila kipande kinachotupwa. Unachookoa kwenye bei leo, wewe au mkulima wa jirani mtakilipa kwa jembe miaka mingi.

Unaponunua

Mbegu ndizo za bei ya chini, na zinafaa kwa vinka na gazania. Kwa agapanthasi zitakuweka miaka miwili au mitatu kabla ya kuona ua. Vipandikizi ni bure kwa pentasi na impatiensi. Fungu lililogawanywa ndilo chaguo bora kwa deilili, agapanthasi na kana, kwa kuwa linakupa mmea uliokomaa. Mche wa chungu kikubwa unaolipiwa bei ya juu kwa sababu umechanua unauza mandhari ya siku hiyo. Ule wenye vitumba vya maua ambavyo havijafunguka utashika ardhi vizuri zaidi.

Geuza kiriba uangalie chini. Mizizi iliyotoka nje na kujizungusha ni dalili ya mche uliokaa mno. Funua majani uone kama kuna wadudu weupe. Kagua udongo wa juu: ukiona ndago imechomoza, usinunue, maana utapeleka nyumbani magugu ambayo hayang'oki kwa mwaka mmoja. Uliza pia kama mche ulikua chini ya neti ya kivuli. Kama ndivyo, uzoeze jua polepole kwa wiki moja kabla ya kuupanda.

Matunzo yanayolinda fedha yako

Panda mwanzoni mwa masika au vuli, mvua ikufanyie kazi ya ndoo. Chimba sentimita 30, uchanganye samadi iliyooza; debe moja la lita 20 kwa kila mita ya mraba hutoa tabaka la sentimita 2, na linatosha. Samadi mbichi huunguza mizizi. Baada ya kupanda, tandaza majani makavu unene wa sentimita 5 kuzuia unyevu usipotee na magugu yasiote, lakini yaache mbali kidogo na mashina, hasa penye mchwa.

Kata maua yaliyokauka kabla hayajafunga mbegu, isipokuwa pale unapotaka mbegu. Pentasi ipogolewe kila inapomaliza mkupuo wa maua, isiwe miti mirefu isiyo na kitu chini. Deilili na agapanthasi zikipunguza maua huku majani yakisongamana, huo ndio wakati wa kuzigawa, nawe ufanye hivyo mvua zinapoanza.

Uamuzi

Mwenye mfuko mdogo wa bara: deilili, kwa mafungu machache ya kugawa. Wa pwani: vinka kwa mbegu na pentasi kwa vipandikizi. Mwenye kununua maji: gazania, kama yuko nyumbani mchana. Mwenye kivuli: impatiensi, mradi bomba liko karibu. Mwenye subira na nyumba yake mwenyewe ya nyanda za juu: agapanthasi, kwa kuwa itaendelea kuzaa mafungu miaka mingi. Mpangaji anayehama mwakani anunue maua ya msimu, au apande ya kudumu kwenye vyungu atakavyohama navyo.