Nguo za Marehemu: Je, Ni Lazima Kuzichoma?



Mwezi huu wa Novemba, Kanisa linapowaombea marehemu wote, tungependa kuzungumza nanyi wazazi na walezi juu ya swali tunaloulizwa mara nyingi wodini baada ya msiba: nguo za marehemu tuzifanyeje? Wengine hata hawaulizi. Wakifika nyumbani hukusanya kila alichovaa mgonjwa, wakachimba shimo na kukitia moto, hasa kama alikuwa na UKIMWI au kifua kikuu.

Tukiri kwamba sisi wauguzi tulichangia hofu hiyo. Miaka ya 1990, tungali wageni kazini, tuliwahi kuwaambia ndugu wachome godoro, shuka na nguo, tena mbele ya watoto. Mtoto mmoja alichomoa khanga ya mama yake motoni, upindo ukiwa umeshaungua. Tulimnyang'anya. Hadi leo tunamkumbuka.

Ukweli ni kwamba virusi vya UKIMWI haviambukizwi kwa nguo iliyofuliwa. Kifua kikuu huenea kwa hewa, mgonjwa ambaye hajatibiwa anapokohoa. Hakikai kwenye shati kikimngojea mrithi. Nguo zenye damu, au zilizochafuliwa na choo cha mgonjwa wa kipindupindu, zinahitaji uangalifu zaidi. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki mikononi. Damu itolewe kwanza kwa maji baridi, kwani ya moto huifanya igande. Kisha chemsha nguo kwa sabuni dakika 10 au zaidi, na maji hayo yamwagwe chooni, si mto Mkondoa wala karibu na kisima. Kama marehemu alikuwa na upele, nguo zisizoweza kuchemshwa zifungwe ndani ya mfuko wa plastiki wiki nzima kabla ya kufuliwa. Magonjwa kama Marburg, yaliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, ni jambo jingine: huko nguo hushughulikiwa na maofisa wa afya, nanyi msiziguse.

Baada ya kufua, anika juani na upige pasi pande zote mbili. Yuko nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia ngozini na kuleta jipu. Pasi ya moto huyaua mayai hayo.

Sasa, nguo zikiwa safi, zisiishe zote siku ya kugawa. Hapa kwetu Kilosa, kwa Wakaguru na Wasagara, ukoo hufuata upande wa mama, hivyo nguo za baba mara nyingi huchukuliwa na ndugu zake na wapwa zake. Hatusemi mila hiyo ni mbaya. Tunasema wazee waombwe mapema, kabla ya kumaliza tanga, wawaachie watoto angalau shati moja na suruali moja. Tumeona wazee wakikubali bila ubishi wakielezwa sababu.

Kwa vipande hivyo mnaweza kushona shuka la viraka. Si kazi ya gharama. Kata karatasi ngumu ya sentimita 28 kila upande iwe kipimo chenu, mkate vipande 20, mviunge vinne kwa vitano, mkiacha sentimita moja ya mshono. Mtapata shuka linaloenea juu ya khanga moja, nayo khanga ndiyo iwe bitana. Kingo zake zikunjwe mbele na kushonwa. Kama khanga hiyo ilikuwa ya marehemu, jina lake lisikatwe. Vitenge vipya vichujwe rangi kwanza, na jinzi isiunganishwe na kitambaa laini, kwa maana italichana. Vifungo viondolewe kama nyumbani kuna mtoto anayetambaa. Asiye na cherehani aende kwa fundi, au awaombe akina mama wa WAWATA. Kwa sindano ya mkono pia inawezekana, ila jioni zitakuwa nyingi.

Nguo ya aliyepata ajali, kama zile za barabara kuu inayokatiza Hifadhi ya Mikumi, mara nyingi hurudi kutoka hospitali imekatwa kwa mkasi. Mtoto asikabidhiwe hivyo. Sehemu yenye damu iondolewe, iliyobaki ifuliwe.

Huko Marekani, mwaka 1987, ndugu na marafiki wa waliokufa kwa UKIMWI walishona vipande vya vitambaa, kila kimoja kama urefu na upana wa kaburi, na mwezi Oktoba wakavitandaza 1,920 mjini Washington. Majirani zetu wa Uganda, akina mama wa chama cha NACWOLA, waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Tunashauri yote mawili: daftari liandikwe kila kiraka kilikuwa nguo gani, ilivaliwa wapi. Picha nazo ni nzuri, lakini mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliingia hadi ndani ya nyumba. Picha ikilowa huharibika, kitambaa huanikwa.

Mtoto achague mwenyewe vipande, na asiyetaka asilazimishwe. Wengine huomba nguo moja isifuliwe kwa sababu ya harufu ya mama. Kama haina damu wala uchafu wa ugonjwa, mwacheni nayo. Lakini mtoto ambaye baada ya wiki kadhaa bado hali, halali, hataki shule, au anasema anataka kumfuata marehemu, msingoje. Aletwe hospitali, na kama anataka kuja na shuka lake, aje nalo.