Rufaa pekee haimzuii dalali wa mahakama

WAFANYABIASHARA wengi wadogo wanaishi na kufanya biashara chini ya paa moja. Mbele kuna fremu ya duka, nyuma vyumba vya familia, na chumba kimoja kimejaa magunia ya mahindi yanayosubiri bei ipande. Nyumba kama hiyo ikiingia kwenye mgogoro na mahakama ikaamuru mkaaji wake aondoke, familia inapoteza makazi na mtaji kwa siku moja.

Wengi hudhani kwamba ukikata rufaa, hukumu inasimama. Haisimami. Kwa sheria za Tanzania, rufaa peke yake haizuii utekelezaji. Aliyeshinda anaweza kuomba kukaza hukumu, na dalali wa mahakama akabisha hodi wakati rufaa yako ingali inasubiri kupangiwa tarehe. Ili kumzuia, unatakiwa kupeleka maombi ya kusimamisha utekelezaji.

Kwa rufaa inayotoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, utaratibu uko katika Kanuni ya 11 ya Kanuni za Mahakama hiyo za mwaka 2009. Kwanza, taarifa ya rufaa iwe imewasilishwa. Muda wake ni siku 30 tangu hukumu. Pili, maombi yapelekwe ndani ya siku 14 tangu kupewa taarifa ya utekelezaji. Ambatanisha nakala za taarifa hizo mbili, hukumu na tuzo yake. Tatu, onyesha hasara kubwa utakayoipata. Nne, toa dhamana.

Kuhusu hasara, haitoshi kuandika kwamba utaumia. Eleza kwa takwimu: thamani ya bidhaa zilizomo, kodi ya fremu, na watu wanaoishi humo. Eleza pia kama nyumba itabomolewa au kuuzwa, kwa sababu hayo ni magumu kurekebishwa hata ukishinda rufaa.

Dhamana ndiyo hesabu kubwa. Mahakama ya Rufani imekwishaeleza kuwa si lazima iwe imetolewa kabla ya amri. Ahadi thabiti ya kuitoa inaweza kutosha. Lakini ahadi hiyo hutimizwa kwa dhamana ya benki au hati ya mali nyingine. Benki hutoza ada na huweza kufungia fedha ambazo ungenunulia mbolea au mzigo wa duka. Aliyeshinda naye anasubiri haki yake huku akikosa kodi. Dhamana ipo kwa ajili yake.

Kwa hiyo pima uzito wa rufaa kabla ya kutumia fedha. Ikiwa hoja zako ni dhaifu, huenda ikawa nafuu kuomba mapatano ya kuhama baada ya mavuno au baada ya kuuza mzigo. Mapatano hayo yaandikwe na yapelekwe mahakamani yarekodiwe.

Jambo jingine: kama unadaiwa fedha tu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nyumba unayoishi na familia, pamoja na zana na mbegu za mkulima, zisikamatwe. Kinga hiyo haikusaidii pale mgogoro unapohusu nyumba yenyewe.

Ukipokea taarifa ya utekelezaji, andika tarehe uliyoipokea na umwone wakili siku hiyo hiyo. Vyombo vikishatolewa nje na nyumba kukabidhiwa, hakuna utekelezaji uliobaki wa kusimamishwa.