Kwa nini pini ya ramani humpoteza bodaboda

Chukulia duka la mitungi ya gesi la Dar es Salaam lenye tovuti yake. Mteja anajaza fomu kwa simu: "Tandale, nyuma ya msikiti, geti la bluu." Anabonyeza kitufe, pini nyekundu inatokea kwenye ramani, na bodaboda anaondoka na mtungi.

Anafika kwenye pini. Hakuna msikiti wala geti la bluu. Anapiga simu mara tatu, anazunguka nusu saa, na mafuta yanayoungua ni yake.

Ramani haikuharibika. Tatizo liko kwenye hatua moja ndogo ambayo watu wengi hawaioni: pale maneno ya mteja yalipogeuzwa kuwa namba.

Jiokodi ni nini?

Kompyuta haijui "Tandale". Inachojua ni namba mbili: latitudo na longitudo. Katikati ya Dar es Salaam, kwa mfano, ni karibu na -6.8 na 39.28. Kazi ya kugeuza anwani iliyoandikwa kuwa namba hizo mbili ndiyo inayoitwa jiokodi. Ipo pia ya kinyume: unatoa namba, unarudishiwa jina la mahali.

Programu nyingi za wavuti hujengwa juu ya fremuweki, yaani kiunzi kilicho tayari ili mtengenezaji asianze kila kitu upya. Zinazojulikana sana ni Laravel, Ruby on Rails na Django. Hii ya mwisho ilizaliwa kwenye ofisi ya gazeti mjini Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005.

Django huja na sehemu inayoitwa GeoDjango. Inaweza kuhifadhi nukta ya ramani kwenye hifadhidata na kujibu swali kama "ni wateja gani wako ndani ya kilomita 3 kutoka dukani?" Lakini hapa ndipo wengi huteleza: GeoDjango haijui Tandale iko wapi. Ni daftari zuri la kuandikia namba, ila namba zenyewe lazima zitoke kwingine.

Kwa hiyo fremuweki huunganishwa na huduma ya nje. Ipo ya Google, inayohitaji akaunti ya malipo. Ipo pia Nominatim, inayotumia data ya OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Wanaotumia Python huziunganisha kupitia maktaba ya geopy. Mistari michache tu ya msimbo, kazi imekwisha.

Au inaonekana imekwisha.

Kosa la kwanza: kugeuza namba

Kwenye geopy, latitudo hutangulia. Kwenye GeoDjango, longitudo hutangulia. Zana mbili ndani ya programu moja, kila moja na utaratibu wake.

Mtengenezaji akizichanganya, -6.8 na 39.28 zinabadilishana nafasi. Nyumba ya Dar es Salaam inahamia magharibi mwa Hispania, si mbali na mji wa Cáceres. Programu haitalalamika, maana hizo nazo ni namba halali.

Binamu wa kosa hili ni kuandika sifuri pale huduma isipopata jibu. Latitudo 0 na longitudo 0 ni baharini, kwenye Ghuba ya Guinea. Kama hakuna jibu, nafasi iachwe wazi.

Kosa la pili: kuamini kila pini

Hili ndilo lililompoteza bodaboda wetu. Mteja akiandika "nyuma ya msikiti", huduma nyingine hurudisha jibu tupu. Nyingine hushika neno "Tandale", huacha mengine yote, na kuweka pini katikati ya eneo zima.

Jibu tupu ni afadhali, kwa sababu programu inajua kwamba haijui. Pini ya katikati ya kata inafanana kabisa na pini ya mlangoni, na mtu aliyeshika simu hawezi kuzitofautisha.

Programu inaweza. Jibu la Google huja na neno linaloonyesha usahihi: ROOFTOP ni nyumba yenyewe, APPROXIMATE ni makadirio. Nominatim nayo hutaja aina ya kitu ilichokipata, kama ni jengo, barabara au mji. Taarifa hiyo inakuja bure ndani ya jibu, lakini programu nyingi huchukua namba mbili tu na kuitupa.

Kuna na majina pacha. Majengo ipo Moshi, ipo Dodoma, ipo Mombasa na Nairobi pia. Ombi lisilotaja nchi wala mji linaweza kuangukia popote. Kwenye Nominatim, kuongeza kigezo cha nchi chenye "tz" huondoa Majengo za Kenya. Za Tanzania zitabaki, kwa hiyo mji nao uulizwe kwenye fomu.

Kosa la tatu: kuuliza mno

Seva ya umma ya Nominatim inaruhusu ombi moja tu kwa sekunde, na hairuhusu kutumika kukamilisha maneno wakati mtu bado anaandika. Programu lazima ijitambulishe kwa jina, na OpenStreetMap itajwe kwenye ramani.

Duka lenye anwani 500 za zamani litahitaji zaidi ya dakika 8 kuzipitia zote. Kazi hiyo ifanyike pembeni, mteja asiachwe anatazama kiduara kinachozunguka. Na jibu likishapatikana lihifadhiwe, ili anwani ileile isiulizwe kila siku.

Anwani zetu ni maelekezo

Huduma hizi zilizoea nchi ambazo kila nyumba ina namba na kila barabara ina jina. Kwetu, watu wengi huelekezana kwa mwembe, kwa shule, kwa duka la Mangi.

Hali inabadilika. Mwaka 2022, kabla ya sensa, Tanzania iliendesha operesheni ya anwani za makazi: nyumba zikapewa namba, barabara zikawekewa vibao, na taarifa zikaingizwa kwenye mfumo wa NaPA. Kabla ya hapo, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko. Ndiyo maana vichochoro vingi vya jiji hilo vinaonekana leo kwenye OpenStreetMap.

Hata hivyo, wateja wengi bado wataandika "nyuma ya msikiti". Na hayo si makosa yao. Kwa bodaboda anayeujua mtaa, maneno hayo ni bora kuliko namba.

Dawa yake

Programu nzuri huhifadhi vyote viwili: pini, na maneno ya mteja kama alivyoyaandika. Pini ikiwa ya makadirio, humwonyesha mteja ramani na kumwomba aisogeze hadi mlangoni kwake. Kutumia GPS ya simu moja kwa moja hakutoshi, kwa sababu anayeagiza gesi anaweza kuwa kazini Posta wakati nyumba iko Tandale.

Pini ya nyumbani kwa mtu pia ni siri yake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Duka halina sababu ya kumwonyesha kila mfanyakazi wateja wake wanalala wapi.

Kwa anayeagiza, jambo ni dogo. Ramani ikitokea, usibonyeze "endelea" haraka. Vuta picha karibu, sogeza pini hadi getini. Sekunde kumi zako ni nusu saa ya bodaboda.