Kibaba Kisichopimwa

Usiku wa tarehe 2 Novemba 1988, kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani zilizounganishwa na intaneti zilianza kulemewa moja baada ya nyingine. Wasimamizi walizizima na kuziwasha upya, na muda si mrefu zikalemewa tena. Chanzo kilikuwa programu ya Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, iliyokuwa ikijinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine. Makadirio ya wakati ule yalitaja kompyuta 6,000, katika mtandao wenye mashine zipatazo 60,000.

Programu hiyo ilipenya kwa njia kadhaa. Moja nitaieleza polepole, maana atakayeielewa atakuwa ameelewa sehemu kubwa ya ugonjwa wa mifumo endeshi hadi leo.

Mfumo wa Unix ulikuwa na huduma ndogo iitwayo finger, iliyojibu maswali kutoka mbali: fulani ni nani, yupo kwenye mashine sasa hivi? Swali lilipofika liliwekwa katika nafasi ya kumbukumbu yenye baiti 512. Programu ya Morris ilituma baiti 536. Huduma ile iliandikwa kwa lugha ya C, na C haipimi. Mfikirie muuza mchele anayemimina kwenye kibaba akiwa amefumba macho. Kibaba kimejaa, yeye anaendelea kumimina. Dukani, mchele uliomwagika utazolewa. Ndani ya kompyuta, kinachozidi kinaiangukia data iliyo jirani na kuifuta. Na katika ujirani huo ilihifadhiwa anwani inayoiambia mashine irudi wapi ikimaliza kazi iliyo nayo. Zile baiti 24 za ziada ziliandika anwani nyingine juu yake, iliyoelekeza kwenye maagizo ya Morris mwenyewe. Mashine ikatii, kwa sababu haina namna ya kutambua maagizo ya mwenye nyumba na ya mgeni.

Kosa lilitokana na agizo la C liitwalo gets, ambalo hupokea maandishi bila kuuliza nafasi iliyopo. Liliondolewa rasmi katika kanuni za lugha hiyo mwaka 2011, miaka 23 baadaye.

Dennis Ritchie aliiunda C katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa haba na kila hesabu ya ziada ilichelewesha kazi. Kupima kibaba kila mara kungekuwa gharama, kwa hiyo jukumu la kupima aliachiwa mwandishi wa programu. Lugha hiyo na ndugu yake, C++, ndizo zilizojenga Windows, Linux na macOS. Mwaka 2019 Microsoft ilieleza kwamba takriban asilimia 70 ya matundu ya usalama inayoyaziba kila mwaka yanatokana na makosa ya kumbukumbu ya aina hii. Mwaka uliofuata, wahandisi wa kivinjari cha Chrome walipochambua matundu yao makubwa walipata asilimia ileile. Hapo ndipo nilipoacha kuamini kwamba tatizo ni uzembe. Wahandisi hodari wa kampuni mbili tofauti wakikosea kwa kiwango kimoja, basi kagua chombo walichopewa.

Chombo kibovu, hata hivyo, hakielezi yote. Mfumo unaopendwa hauruhusiwi kusahau. Shirika lenye mashine ya kupima damu au printa ya zamani halitanunua Windows mpya isiyoweza kuongea nayo, na Microsoft ililijua hilo vizuri kuliko washindani wake wengi. Ndiyo sababu itifaki ya kushirikiana mafaili iitwayo SMB, toleo la kwanza, yenye asili katika miaka ya 1980, bado ilikuwa hai katika mamilioni ya kompyuta mwaka 2017. Microsoft yenyewe ilikuwa imewasihi wateja mwaka 2016 waizime. Wengi hawakuizima.

Inaaminika kwamba shirika la ujasusi la Marekani, NSA, liligundua tundu ndani ya itifaki hiyo na kulitunza kwa matumizi yake. Microsoft ilitoa kiraka cha kuliziba tarehe 14 Machi 2017. Mwezi mmoja baadaye, zana ya kulitumia tundu hilo ilivujishwa hadharani, na tarehe 12 Mei programu ya WannaCry ikaanza kufunga mafaili na kudai fidia, katika nchi zipatazo 150. Uingereza, takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma za England ziliathirika. Wagonjwa walirudishwa nyumbani na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Kiraka kilikuwepo kwa karibu miezi miwili.

Mashabiki wa Linux husema hayo ni ya Windows. Waikumbuke Shellshock, tundu lililogunduliwa mwaka 2014 katika programu ya Bash, ambamo lilikuwa limekaa tangu 1989, huku msimbo wake ukiwa wazi kwa yeyote kuusoma. Msimbo kuwa wazi hakumaanishi kwamba umesomwa. Kiini cha Linux peke yake kina zaidi ya mistari milioni 30. Kuna kiini kingine, seL4, ambacho mwaka 2009 kilithibitishwa kwa hisabati kwamba kinafanya kile tu kilichoelezwa katika usanifu wake, lakini kina mistari kama 10,000 tu.

Tiba iliyoanza kuonyesha matunda ni kubadilisha kibaba. Lugha ya Rust hukataa makosa mengi ya kumbukumbu kabla programu haijaanza kufanya kazi, na tangu Desemba 2022 imeruhusiwa ndani ya kiini cha Linux. Kwenye Android, ambako msimbo mpya umekuwa ukiandikwa kwa Rust na lugha nyingine salama, sehemu ya matundu yatokanayo na kumbukumbu ilishuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. Msimbo wa zamani ungali palepale, na hakuna atakayeuandika wote upya.

Kwako msomaji, liko jambo moja lililo mikononi mwako: usiahirishe masasisho. Na kama kompyuta yako bado inaendeshwa na Windows 10, jua kwamba muda wake wa kawaida wa kupewa viraka bure ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025.