Jani linalokwaruza, tiba ya sokwe

Salamabila, mji wa eneo la Kabambare mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo, husikika kwa dhahabu ya mgodi wa Namoya, na mgeni afikaye Kabambare huulizia mashimo, si maua. Lakini kusini mwa Maniema, msitu unapoachia nafasi savana na vilima vya mawe, ni nchi inayoifaa Aspilia: mmea wa jamii ya alizeti wenye maua madogo ya njano, ambao huchipua tena kutoka shinani mwaka hata mwaka.

Shika jani lake. Linakwaruza kama msasa, kwa kuwa limejaa vinyweleo vigumu.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika hifadhi za Mahale na Gombe nchini Tanzania, sokwe hulifuata jani hilohilo. Mwaka 1983, watafiti Richard Wrangham na Toshisada Nishida walieleza jinsi wanavyolila: alfajiri, tumbo likiwa tupu, sokwe huchuma jani mojamoja, hulikunja kwa ulimi na kulimeza bila kulitafuna. Baadaye hutoka kinyesini likiwa zima.

Kwa nini ale kisichomshibisha? Mwaka 1985 wakemia walitangaza kuwa majani hayo yana thiarubrini, kemikali inayoua vimelea. Habari ilienea upesi, ila vipimo vilivyofuata havikuiona kemikali hiyo majanini. Tena, asiyetafuna jani atapata wapi utomvu wake?

Jibu lilitoka kinyesini. Katika miaka ya 1990, Michael Huffman wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake walikuta humo minyoo ya Oesophagostomum, mingine ingali hai, mingine imenaswa kwenye mikunjo ya majani. Jani gumu likiingia tumbo tupu huliendesha. Ndani ya saa sita hivi limetoka, na minyoo imesombwa nalo. Vinyweleo ndivyo vinavyofanya kazi, si sumu.

Kwa binadamu mambo ni tofauti. Sehemu nyingi za Afrika, majani ya Aspilia africana hupondwa na kufungwa juu ya jeraha ili damu ikatike, na majaribio ya Nigeria kwa panya yameonyesha kuwa dondoo lake hupunguza kweli uvujaji wa damu. Hapo kinachosaidia ni maji ya jani.

Basi mzazi wa Salamabila asimmezeshe mtoto majani haya kwa kumwiga sokwe. Minyoo inayosumbua watoto kwa kawaida ni ya aina nyingine, na dawa yake, albendazole, hutolewa kwenye vituo vya afya.